Mabango msibani: kwanini baba aliyefiwa alishindwa kesi Marekani, na mahakama ilisema nini hasa

Kila baada ya muda ile picha inarudi kwenye magrupu. Watu wameshika mabango nje ya msiba wa mwanajeshi wa Kimarekani, wengine ni watoto kabisa, na mabango yenyewe yanamshukuru Mungu kwamba wanajeshi wamekufa. Chini yake maswali ni yaleyale. Hivi hao watu hawakamatwi? Ni kweli mahakama yao ilisema hiyo ni haki yao? Alafu anatokea mmoja anafunga mjadala kwamba ndo hivyo, uhuru wa kujieleza maana yake useme chochote, popote, na mfiwa avumilie tu.

Hiyo sentensi ya mwisho ndo imenifanya nikae niandike, kwa sababu sio kweli, na mtu akiiamini anaishia pabaya: ama anauchukia uhuru wa kujieleza wenyewe, ama anaanza kuona kumtesa mfiwa ni sehemu ya uhuru huo. Kesi ipo, hukumu ipo, ina mambo mengi ndani kuliko kile kipande kinachozungushwa.

Tuanze na maneno yenyewe maana hapa ndo wengi tunateleza. Uhuru wa kujieleza kule Marekani unakaa kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa 1791. Ukiyasoma vizuri hayampi mtu kibali cha kusema, yanaongea na serikali, yanaiambia isitunge sheria ya kupunguza uhuru wa watu kusema. Ni kufuli lililofungwa kwenye mkono wa serikali. Kwa hiyo mwenye nyumba akikutoa sebuleni kwake kwa sababu ya mdomo wako hajavunja Katiba yoyote, pale ni kwake. Padri akikutoa kwenye kiwanja cha kanisa, vilevile. Lakini askari polisi akikutoa kwenye barabara ya umma kwa sababu tu hajapenda kilichoandikwa kwenye bango lako, hapo sasa tumegusa lile kufuli.

Neno lingine ni kesi ya madai. Ya jinai serikali ndo inakushtaki na unaweza kwenda jela, ya madai ni mtu na mtu, amekuumiza unataka akulipe. Hii ya msibani ilikuwa ya madai, hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai, kitu ambacho watu wengi hawakijui, wanadhani serikali iliwashtaki wale watu ikashindwa.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 3 Machi 2006 kijana wa miaka 20, Matthew Snyder, askari wa Marine, alifariki Iraq kwenye ajali ya gari la jeshi. Baba yake, Albert Snyder, akamleta nyumbani, ibada ya mazishi ikapangwa tarehe 10 Machi kwenye kanisa Katoliki la St. John, mji wa Westminster, jimbo la Maryland. Kwenye tangazo la msiba, kama familia yoyote inavyofanya, wakaandika siku, saa na mahali. Tangazo hilohilo likawafikia watu wa Westboro Baptist Church.

Hilo ni kanisa dogo la Topeka, Kansas, lilianzishwa na Fred Phelps mwaka 1955 na waumini wake wengi ni familia yake mwenyewe. Mafundisho yao ni kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa sababu imewavumilia mashoga, hasa jeshini, na kwamba kila mwanajeshi anayekufa ni sehemu ya hiyo adhabu. Matthew hakuwa shoga na wala hawakuwahi kukutana naye. Haikuwahusu. Walikuwa wanatafuta msiba wenye kamera, na mpaka kesi inaamuliwa hukumu yenyewe inasema walikuwa wameshaandamana kwenye mazishi karibu 600 ndani ya miaka 20 na kitu.

Siku hiyo walikuja saba, Phelps, mabinti zake wawili na wajukuu wanne. Naomba hapa msome taratibu maana kesi nzima imekaa kwenye hizi taarifa ndogondogo. Waliwaambia polisi mapema kwamba wanakuja. Polisi wakawaonyesha pa kusimama, kipande kidogo cha ardhi ya umma kando ya barabara, nyuma ya uzio wa muda, kama mita 300 kutoka kanisani. Wakasimama kama nusu saa kabla ya ibada, wakaimba nyimbo za dini, wakasoma mistari ya Biblia. Hawakukanyaga kiwanja cha kanisa wala makaburini, hawakupiga kelele za matusi, hakukuwa na fujo. Mabango ndo yaliyokuwa na sumu: Mungu Ashukuriwe kwa Wanajeshi Waliokufa, Mungu Ashukuriwe kwa Septemba 11, Msiiombee Marekani, mengine ya matusi kwa mashoga na kwa mapadri wa Kikatoliki, na mawili yanayochoma zaidi kwa sababu yanamwongelesha mtu: Utaenda Jehanamu, na Mungu Anakuchukia.

Msafara wa jeneza ulipita kama mita 60 mpaka 90 kutoka walipo. Mzee Snyder aliona ncha za juu za mabango tu. Kilichoandikwa alikuja kukiona usiku, kwenye taarifa ya habari, siku amemzika mtoto wake. Wiki chache baadae akakuta tena maandishi marefu ambayo kanisa liliyaweka kwenye tovuti yao, yanamtaja Matthew kwa jina na kuwalaumu wazazi wake jinsi walivyomlea.

Akashtaki. Nani asingeshtaki.

Mwaka 2007 kule Baltimore, jopo la raia, yani wananchi wa kawaida wanaoitwa mahakamani kuamua kesi, likampa ushindi: fidia dola milioni 2.9 na juu yake adhabu ya dola milioni 8, jumla 10.9. Jaji akaipunguza ile adhabu, jumla ikashuka mpaka milioni 5. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikafuta yote, alafu ikaja kuamuru mzee Snyder awalipe Westboro gharama za rufaa, dola 16,510. Mtu amemzika mtoto, katukaniwa mtoto, na sasa anatakiwa awalipe waliomtukana. Watu walivyokasirika kusikia hilo mimi nawaelewa kabisa, japo kiufundi ni kanuni ya kawaida tu ya anayeshindwa rufaa kubeba gharama. Suala likaenda Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa (tusiichanganye na Mahakama Kuu ya kwetu, ambayo juu yake bado kuna rufaa). Tarehe 2 Machi 2011, karibu miaka mitano kamili tangu kijana afariki, majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema Westboro hawalipi.

Hapo ndo kila mtu anauliza swali zuri sana: kama Katiba ni kufuli la serikali, mzee Snyder yeye sio serikali, ni baba tu aliyeumia, kwanini Katiba imzuie?

Jibu lake ni hili. Ukishinda kesi ya madai huendi mwenyewe nyumbani kwa mtu kubeba sofa lake. Anakwenda dalali wa mahakama, ana amri ya mahakama, nyuma yake kuna polisi. Anayekamua hela pale ni serikali, hata kama aliyeomba ni wewe. Kwa hiyo mahakama ikisema lipa mamilioni kwa sababu ya ulichosema kuhusu siasa za nchi, serikali imeshaadhibu maneno. Wamarekani walilimaliza hilo mwaka 1964, kwenye kesi ya gazeti la New York Times, pale kiongozi wa mji mmoja kule Alabama alipolishtaki gazeti kwa tangazo la kuwatetea wapigania haki za weusi. Bila kanuni hiyo mkubwa yeyote mwenye wakili mzuri angeweza kuwafilisi wakosoaji wake mmoja mmoja bila Bunge kutunga sheria hata moja.

Swali lililofuata likawa: maneno ya Westboro yalikuwa ni jambo la umma au jambo binafsi? Chukua kijiweni. Ukisimama ukasema nchi hii imeoza na viongozi wa dini ni wanafiki, umeongelea jambo la umma, hata kama umeliongea kwa ujinga na kwa chuki. Ukisimama ukasema jirani yako fulani, mtaa fulani, ameiba kuku wako wakati unajua hajaiba, hilo ni la mtu na mtu, na akikushtaki hutapona kwa kusema ulikuwa unachangia mjadala. La kwanza lina ulinzi mkubwa kabisa, la pili ulinzi wake ni mdogo. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu, akaangalia mabango kwa ujumla wake: hatima ya Marekani, mashoga jeshini, kashfa za mapadri. Akasema yawe yamejaa chuki kiasi gani, yanaongelea mambo ya umma, na hata kama mabango mawili yalimlenga Matthew au familia, uzito wa ujumbe mzima ulikuwa kwa nchi. Ukiongeza na kwamba walisimama ardhi ya umma, mbali, kwa amani, kwa kufuata maelekezo ya polisi, basi haiwezekani jopo liwatoze kwa sababu tu limeona walichofanya kinachukiza. Kinachukiza kwa kipimo cha nani? Leo jopo limechukizwa na hawa, kesho jopo la mji mwingine litachukizwa na wewe.

Kuna sehemu ya ile hukumu inanukuliwa sana, kwa Kiswahili ni kama hivi: maneno yana nguvu, yanaweza kuwasukuma watu kutenda, kuwatoa machozi ya furaha na ya huzuni, na kama ilivyokuwa hapa, kusababisha maumivu makubwa. Lakini hatuwezi kuyajibu maumivu hayo kwa kumwadhibu aliyesema. Sentensi hiyo ndo watu wanaikata wanaiweka kwenye picha. Inayoachwa ni ile nyingine, na naona ndo muhimu zaidi kwa wafiwa: Roberts alisema wazi kwamba uamuzi wa Westboro wa wapi na lini wasimame hauko nje ya mkono wa serikali. Na akasema hukumu yake ni finyu, inahusu mazingira ya siku ile tu.

Hiyo ya wapi na lini tunaijua vizuri hata sisi, ila hatujaipa jina. Fikiria msiba wa nyumbani. Kabla ya kuondoka kwenda makaburini anasimama mzee au msemaji wa familia anatangaza: kama kuna mtu anamdai marehemu, au anadaiwa na marehemu, aje aonane na familia. Umeona kilichofanyika pale? Hakuna aliyeambiwa deni lake ni uongo wala asiliseme. Ameonyeshwa pa kulisemea, wakati gani na kwa nani. Kwenye msiba mmoja wa ukoo wetu mtu hakusubiri, alisimama mbele ya jeneza akaanza kudai hela yake kwa sauti, mama yetu mdogo akadondoka palepale. Deni lilikuwa la kweli kabisa, lililipwa wiki ileile. Lakini mpaka leo hakuna anayemkumbuka yule kwa ukweli wa deni, anakumbukwa kwa sehemu aliyoisemea.

Sheria za Marekani za maandamano msibani zinafanya kazi kwa akili hiyohiyo. Haziulizi bango linasema nini, zinauliza uko umbali gani na ni saa ngapi. Mei 2006, miezi miwili tu baada ya msiba wa Matthew, Rais Bush alisaini sheria ya kuzuia maandamano karibu na makaburi ya taifa ya wanajeshi: futi 300 kutoka mlangoni, yani kama mita 90, kuanzia saa moja kabla ya mazishi mpaka saa moja baada. (Namaanisha dakika 60, sio saa moja asubuhi.) Mwaka 2012 Rais Obama akasaini nyingine iliyoongeza muda kwa mazishi ya kijeshi kuwa masaa mawili kabla na masaa mawili baada. Majimbo nayo hayakukaa kimya, mpaka hukumu ya Snyder inatoka majimbo 44 yalikuwa na sheria za aina hii. Ya Ohio ilipingwa na watu wa Westboro wenyewe mahakamani, 2008 mahakama ya rufaa ikaipitisha. Ya mji wa Manchester, Missouri, ikapitishwa 2012, yani baada ya Snyder, kwa hiyo anayesema kesi ya Snyder iliua hizi sheria anapotosha.

Sharti kubwa ni kwamba sheria isichague upande. Ukiandika kwamba marufuku mabango karibu na mazishi, yoyote yale, unaweza kupita. Ukiandika kwamba marufuku mabango yanayowatukana wanajeshi ila ya kuwasifu ruksa, hiyo itaanguka, maana umeshaacha kulinda utulivu wa mfiwa ukaanza kuchagua maoni. Ni kama mtendaji wa mtaa anayezima spika zote saa nne usiku, humlaumu, lakini akizima ya wapinzani tu na kuiacha ya chama chake utajua kilichomsumbua sio kelele.

Na kwanini mfiwa apate ulinzi wa ziada ambao mimi ninayepita sokoni siupati? Kwa sababu mimi nikikutana na bango baya nageuza shingo au nabadilisha njia. Mfiwa hawezi kubadilisha njia. Hawezi kusema basi mazishi haya sitahudhuria, niende ya wiki ijayo. Mahakama zao zina wazo hili la msikilizaji aliyefungwa, asiyeweza kuondoka, na walishalitumia kwenye nyumba za watu: 1988 Mahakama ya Juu ilikubali mji wa Brookfield, Wisconsin, uzuie watu kukusanyika mbele ya nyumba ya mtu mmoja, kisa kilianza na nyumba ya daktari mtoa mimba. Kwa Snyder hawakulitumia kwa sababu waandamanaji walikuwa mbali na hakusoma mabango pale. Wangekuwa mlangoni kwa kanisa, nadhani tungekuwa tunasoma hukumu tofauti.

Sasa yule jaji mmoja aliyekataa, Samuel Alito. Nimemsoma mara nyingi kuliko wale wanane na bado ananigusa. Anasema ahadi ya taifa kwa mjadala huru sio leseni ya shambulio la maneno la kikatili kama hili. Hoja yake ni ngumu kuijibu: Westboro walikuwa na mamilioni ya sehemu za kusimama wakisema hayohayo. Na siku ileile walisimama kweli karibu na Bunge la Maryland na chuo cha jeshi la wanamaji kule Annapolis, ujumbe uleule. Kwanini waende na kwa baba wa mtu asiye na cheo, asiyejulikana, ambaye kosa lake ni kuwa na mtoto aliyekufa? Kwa sababu machozi yake yanaleta kamera. Kwa Alito mtu binafsi kutumiwa hivyo haihitajiki ili nchi ijadiliane, na yeye aliyapa uzito yale maandishi ya kwenye tovuti, ambayo wenzake waliyaweka pembeni kwa sababu hayakuletwa vizuri kwenye maombi ya rufaa.

Mimi niko na wale wanane, nasema bila kuficha, lakini hapo kwenye yale maandishi natamani wangeongea. Bango linalosema nchi imelaaniwa ni la nchi. Maandishi yanayomtaja mtoto kwa jina na kuwaambia mama na baba yake kwamba walimlea vibaya, sioni umma uko wapi mle. Swali hilo limeachwa wazi.

Tuguse yale yanayorudiwa sana. Kwamba mahakama iliwaunga mkono Westboro: hapana, hata Roberts aliandika kwamba wanaumiza na mchango wao kwenye mjadala ni mdogo. Kwamba Marekani unaweza kusema lolote: hapana, kumtishia mtu kumuua, kuchochea fujo ya papohapo, kumzushia mtu uongo unaomharibia jina, hayo hayana kinga hiyo. Wengine wanauliza mbona basi uzushi haukumsaidia mzee Snyder, na aliujaribu kweli, ukatolewa mapema, maana uzushi lazima uwe jambo linaloweza kuthibitishwa kuwa kweli au uongo. Mungu Anakuchukia utalithibitishaje mahakamani? Na hili la kwamba bora wangechapwa tu: anayempiga mwandamanaji anakuwa mtuhumiwa wa jinai yeye, na hawa watu wanaijua sheria, Phelps mwenyewe aliwahi kuwa wakili kabla ya kufutwa Kansas 1979, watoto wake wengi ni mawakili, na aliyesimama Mahakama ya Juu kulitetea kanisa ni binti yake Margie.

Sio nchi zote zimechagua njia hii. Canada iliwazuia Westboro mpakani 2008 walipopanga kwenda kwenye mazishi Winnipeg, na Februari 2009 Uingereza ikampiga marufuku Phelps na binti yake Shirley kuingia. Kwetu nako mambo yangeanzia pengine. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 33, inatoa uhuru wa kujieleza alafu palepale inasema hauhusu matamshi ya chuki wala uchochezi, na kwamba kila anayeutumia aheshimu haki na heshima ya wengine. Ya Tanzania inao uhuru huo Ibara ya 18 na mipaka ya haki zote iko Ibara ya 30. Na kwenye kanuni za adhabu za nchi zote mbili, tulizorithi kwa Mwingereza, kuna kosa la kuwasumbua watu waliokusanyika kuzika. Kwa hiyo mtu akifanya ya Westboro Kinondoni au Kisumu, polisi wana pa kuanzia.

Lakini tusikimbilie kusema sisi tumepatia. Msiba Afrika umekuwa pia mahali ambapo watu waliozibwa midomo walipata pa kusemea. Julai 1969 Nairobi, kwenye misa ya kumuaga Tom Mboya aliyepigwa risasi, umati uliipokea gari ya Rais Kenyatta kwa mawe na zomea, polisi wakapiga mabomu ya machozi. Wale walikuwa wafiwa wenyewe, uchungu wao ndo ulikuwa maandamano. Na Afrika Kusini 1985, mazishi ya vijana waliouawa yalipogeuka mikutano mikubwa, serikali ya makaburu ilitoa amri: mazishini waongee viongozi wa dini tu, siasa marufuku, mabango marufuku. Ukisoma amri ile bila kujua imetoka wapi utadhani ni sheria nzuri ya kulinda wafiwa. Ndo maana mimi nataka sheria ya umbali na saa, tena kwa wanaokuja bila kuitwa, na sitaki kabisa afisa yeyote apewe kazi ya kusoma bango na kuamua maneno gani yanafaa msibani.

Na lazima niseme ukweli wa umbali wenyewe. Westboro walisimama kama mita 300. Sheria ya Bush ingewataka mita 90. Ingekuwepo siku ile na ingelihusu kanisa lile, isingewasogeza hata hatua moja, na mzee Snyder angeona yaleyale usiku kwenye televisheni. Sheria ya namna hii inalinda macho na masikio wakati wa ibada, basi. Haifiki sebuleni saa mbili usiku.

Sehemu iliyobaki waliijaza watu. Mwaka 1999 kule Laramie, Wyoming, wakati wa kesi ya waliomuua Matthew Shepard, mwanafunzi aliyekuwa shoga, ambaye Westboro walikuwa wamekwenda hadi kwenye mazishi yake, marafiki walishona mabawa makubwa ya malaika kwa mashuka meupe wakasimama mbele ya mabango mpaka yakafichika. Juni 2016 kule Orlando, Florida, watu wakavaa tena mabawa ya namna hiyo kuwakinga wafiwa wa waliouawa kwenye Pulse, klabu ya usiku ya mashoga. Na tangu 2005 kuna Patriot Guard Riders, waendesha pikipiki, wengi wao wanajeshi wastaafu, ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa hii hii. Hawaendi mpaka familia iwaite. Wanafika mapema, wanapanga mstari wa bendera kati ya barabara na kanisa, na mwenye mabango akianza kuimba wanangurumisha injini mpaka gari la jeneza lipite.